Same: Tambarare ya Kiu na Mlima wa Maji

Mtu apitaye Same katika njia kuu ya kwenda Moshi huona mibuyu, migunga na vumbi jekundu, naye husema moyoni kwamba nchi hii haina kitu. Hatumlaumu, sisi wenyewe tulisema hivyo mara ya kwanza. Lakini angeinua macho kidogo angeona mawingu yametanda juu ya milima ya Upare, naye angetaka kujua kwa nini kiu na maji vinakaa jirani namna hii.

Tuanze chini. Mwendo mfupi kutoka mjini ni lango la Zange, la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, yenye kilomita za mraba zaidi ya 3,200. Jina lenyewe ni la Kipare: mko ni kijiko cha mti, na mazi ni maji, yaani mahali ambapo maji hayajazi hata kijiko. Upande wa Kenya iko Tsavo, na ndovu huvuka mpaka wakifuata mvua, bila kuomba ruhusa ya mtu. Wako twiga, choroa na mbwa mwitu. Faru weusi walikuwa wamemalizwa na majangili. Mwaka 1997 wakaanza kuletwa wengine kutoka Afrika ya Kusini, nao hutunzwa ndani ya ua wenye ulinzi. Lakini yafaa mgeni ajue kwamba nchi hii haikuwa tupu. Ilitengwa kuwa pori la wanyama mwaka 1951, na mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakichunga humo waliondolewa.

Sasa tupande. Upepo utokao Bahari ya Hindi ukigonga milima hulazimika kwenda juu. Huko hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu na mvua. Ukifika upande wa Same umekwisha kutua mzigo wake, ndiyo sababu mji ni mkavu. Juu kabisa uko msitu wa Chome, zaidi ya hekta 14,000, na kilele cha Shengena, mita 2,462. Tulipokwenda na vijana wa chuo hapakuwa na mvua, hata hivyo nguo zetu zililowa, kwa kuwa majani hunasa ukungu na kuudondosha tone kwa tone. Humo yumo ndege mdogo wa rangi ya manjano na kijani, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, asiyepatikana po pote duniani ila Upare wa Kusini.

Tulionyeshwa pia mashimo ya wapasua mbao. Mti wao ni mkulo, ambao wengine huuita mkamfa, nao hukatwa kwa siri ijapokuwa ni marufuku. Kijana mmoja alisema mti mmoja si kitu katika msitu mkubwa namna ile. Hatukumjibu papo hapo; tulingoja mpaka tuliposhuka.

Atakaye kupanda na achague miezi ya ukavu, Juni hadi Septemba, apate kibali kwa watu wa misitu, na achukue kiongozi mwenyeji, maana ukungu hufunga njia kwa dakika chache. Sweta ni lazima. Siku ikiwa njema, Kilimanjaro huonekana kutoka kileleni.

Katika kushuka tulilala kijijini, karibu na ndiva. Ndiva ni bwawa dogo ambalo Wapare tangu zamani hulijenga mlimani ili kukinga maji ya kijito usiku kucha, kisha huyagawa mashambani kwa zamu. Alfajiri tulimwita yule kijana atazame. Mwenye zamu alizibua tundu. Maji yakaingia mferejini, yakapita katika mahindi na maharagwe, yakateremka gengeni, nasi tukayafuata kwa macho mpaka yalipopotea kule chini kwenye vumbi.