Mgeni Aliyewaficha Wenyeji

Mwishoni mwa filamu ya The Last Samurai, wapanda farasi waliovaa deraya wanawavamia askari wa serikali kwa panga na mikuki, na bunduki za rashasha zinawafyeka kama majani. Kati yao yumo Mmarekani, Kapteni Nathan Algren, anayeigizwa na Tom Cruise. Wanaanguka wote, anayebaki hai ni yeye. Filamu hiyo ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Edward Zwick, imelaumiwa sana kwamba imemleta Mzungu awe shujaa katika vita vya Wajapani. Lawama hiyo si ya bure, ila haijagusa penyewe. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja, wenyeji wamekufa, na aliyepona ni mgeni. Mwishowe Algren hakuwaokoa wenyeji. Alichofanya ni kibaya zaidi kwa historia: kwa kuwekwa kwake katikati ya hadithi, vita vya watu wa nyumba moja vimegeuzwa kuwa vita kati ya Mashariki na Magharibi.

Vita vyenyewe vilikuwepo. Mwaka 1877 watu wa Satsuma, kusini mwa kisiwa cha Kyushu, waliasi wakiongozwa na Saigo Takamori, ambaye ndiye aliyechorwa upya kwa jina la Katsumoto na kuigizwa na Ken Watanabe. Lakini Saigo hakuwa mzee wa milimani aliyechukia kila kipya. Alikuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa majeshi yaliyouangusha utawala wa kijeshi wa shogun mwaka 1868 na kurudisha madaraka kwa Mfalme Meiji. Akawa kigogo wa serikali mpya mjini Tokyo, na sheria ya mwaka 1873 ya kuwaandikisha raia jeshini kwa lazima ilipitishwa naye akiwa bado humo. Alijiuzulu mwaka huohuo, baada ya kushindwa katika mabishano juu ya namna ya kuikabili Korea. Na aliyemshinda alikuwa nani? Okubo Toshimichi, samurai wa Satsuma vilevile, rafiki yake tangu utotoni katika mji wa Kagoshima. Filamu imemfuta Okubo na kumweka Omura, tajiri wa reli mwenye suti, anayenunua silaha na washauri kutoka Marekani. Adui wa aina hiyo ni rahisi kumchukia. Rafiki wa utotoni angetulazimisha kufikiri.

Tungelazimika kuuliza, kwa mfano, waasi walikuwa wanadai nini. Samurai pamoja na familia zao walikuwa watu watano au sita hivi katika kila Wajapani mia, na kwa vizazi walikuwa wakilipwa posho ya mchele, kukiwa na vita au hakuna. Serikali changa haikuweza kuubeba mzigo huo. Mwaka 1876 mapigo mawili yakawashukia: walikatazwa kutembea na panga hadharani, na posho zao zikageuzwa hati za dhamana ambazo kwa wengi zilitoa faida ndogo mno. Manung'uniko yao yalikuwa ya heshima na ya tumbo. Filamu imechukua heshima, tumbo ikaliacha mezani.

Kisha kuna suala la bunduki. Tunaambiwa kwamba Katsumoto anaziona ni silaha za kujivunjia heshima. Ukweli ni kwamba Wareno walifikisha bunduki katika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543, na kufikia mwaka 1575, katika mapigano ya Nagashino, jemadari Oda Nobunaga alizitumia kwa wingi kuwaangamiza wapanda farasi wa ukoo wa Takeda. Uasi wa Satsuma wenyewe uliwashwa na wanafunzi wa shule alizoanzisha Saigo walipovamia maghala ya silaha na baruti ya serikali huko Kagoshima. Mtu anaweza kujibu kwamba siku ya mwisho, tarehe 24 Septemba 1877, katika kilima cha Shiroyama, watu wa Saigo walishambulia kwa panga. Ni kweli. Walikuwa wamebaki mia chache, wamezingirwa na askari wapatao 30,000, na risasi zilikuwa zimekwisha. Upanga ndio uliosalia mkononi, haukuchaguliwa.

Hata mgeni wa kweli anayetajwa kuwa chanzo cha Algren anaikanusha filamu. Jules Brunet, ofisa wa mizinga wa Ufaransa, alifika Japani mwaka 1867 kulifundisha jeshi la shogun mbinu za kisasa. Shogun alipoanguka, Brunet alikataa kurudi kwao, akawafuata wafuasi wa shogun hadi mji wa Hakodate, ambako walishindwa mwaka 1869. Mgeni huyo alikuwa mwalimu wa mizinga, na waliokuwa wakijifunza kwake ndio walioshindwa.

Pingamizi lenye uzito ni jingine. Filamu si darasa la historia, na Wajapani wenyewe waliipenda. Ilichuma zaidi katika kumbi zao kuliko za Marekani. Tena ngano hii haikuzaliwa Hollywood. Serikali iliyomwua Saigo ilimsamehe mwaka 1889, na mwaka 1898 sanamu yake ilizinduliwa katika bustani ya Ueno, Tokyo, amevaa kimono ya kawaida na mbwa pembeni, wala si sare ya jenerali. Sawa. Ila ngano ya Kijapani, kwa utamu wake wote, haisahau kwamba waliomwua na aliyeuawa walitoka kwao kumoja. Karibu miezi minane baada ya Shiroyama, Okubo naye aliuawa kwa panga mjini Tokyo na watu wa tabaka lilelile la samurai. Filamu imeitoa damu hiyo nje ya ukoo na kumbandika lawama mfanyabiashara na wageni wake.

Waliopotea zaidi katika filamu ni wakulima. Mababu zao walinyang'anywa silaha kwa amri ya mtawala Toyotomi Hideyoshi mwaka 1588, na ghafla sheria ya 1873 ikawapa wao bunduki. Samurai wengi waliamini kwamba watoto wa wakulima wangetimua mbio. Uasi wa Satsuma ulipoanza, katika ngome ya Kumamoto, askari wapatao 3,800, wengi wao wa kuandikishwa, walizingirwa na jeshi la Saigo kwa zaidi ya siku 50, na ngome haikuanguka. Filamu haina Kumamoto. Askari wa aina hiyo tunawaona msituni katika ukungu, wanatetemeka, wanakimbia. Tunawaona tena Katsumoto anapokufa, wamevua kofia na kupiga magoti mbele yake.