Skripti yangu ilivyokula CV za watu

Saiba ninayosaidia hapa Riruta Satellite ina kompyuta nne, zote Ubuntu, kwa sababu mwenyewe hataki mambo ya leseni. Kufika jioni, skrini za mashine zimejaa faili za wateja: CV, barua za chifu, fomu za HELB. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nikaona hapa ndipo pa kujionyesha. Nikaandika skripti fupi: kama faili haina nakala kwenye diski ya nje, inakili, kisha ifute ile ya kwenye skrini.

Niliijaribu kwa MacBook kuukuu ya binamu yangu, ikaenda sawa kabisa. Jumamosi nikaipanga ijiendeshe yenyewe saa nne usiku.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. "Kijana, CV za watu ziko wapi?" Kwa skrini hakuna kitu. Kwa diski pia hakuna.

Kosa lilikuwa mabano tu, wasee. Mstari wa kwanza wa skripti ulisema #!/bin/sh, yaani tumia sheli ya kawaida (hii ni programu inayosoma amri zako, si ile ya petroli). Kwa Mac, jina hilo linaita bash. Kwa Ubuntu, tangu toleo 6.10 la mwaka 2006, linaita dash, sheli ndogo iliyowekwa ili mashine iwake haraka. Mimi swali la "nakala haipo?" nililiandika kwa mabano mawilimawili, [[ ]], ambayo ni ya bash. Dash ikadhani [[ ni jina la amri, ikaitafuta, ikakosa. Jibu likahesabiwa kuwa "hapana", kunakili kukarukwa. Mstari uliofuata ulikuwa wa kufuta. Huo inaujua vizuri sana.

Ni kama Sheng. Ya Kawangware ukiipeleka Mombasa, mtu atashika nusu, na afanye hiyo nusu. Sheli nazo zina lugha yao sanifu, POSIX, ambayo bash, dash na hata ile iliyo ndani ya simu ya Android zinaielewa. Siku hizi naandika hiyo: bano moja kila upande, = moja badala ya mbili, printf badala ya echo -e, na jina la faili ndani ya alama za kunukuu kwa sababu wateja huita faili "CV mpya ya mwisho kabisa". Halafu naipitisha kwa ShellCheck, programu ya bure inayokuonyesha makosa kama yangu. Na kufuta nimekufunga kwa kunakili: cp "$f" "$d" && rm "$f". Nakala ikikataa, hakuna kinachofutwa.

Wateja wawili walikuwa na CV zao kwa barua pepe. Wengine niliwachapia upya bure, wiki nzima. Mmoja alikuwa na intavyuu Jumatano, Industrial Area. Nilianza na yake, tumeketi bega kwa bega, ananitajia alama za KCSE mimi nikichapa.