Kumbukumbu au Hifadhi? Istilahi za Kubadilisha Diski ya Kompyuta Mpakato

Utangulizi

Shule moja ya sekondari ilikuwa na kompyuta mpakato ambayo diski yake ilianza kutoa mlio wa kugongagonga. Mkuu wa shule akaandika barua kuomba aletewe "kumbukumbu mpya". Barua ilipita mikononi mwa watu watatu, na hatimaye kikaletwa kibao kidogo chenye chipu, ambacho ni kitu kingine kabisa. Kabla kosa halijasahihishwa diski ile ikafa, ikafa na matokeo ya mitihani ya muhula mzima. Mtu asiseme, basi, kwamba uteuzi wa istilahi ni anasa ya wanaisimu. Makala haya yanakusudia kupambanua maneno yanayohitajika katika kuchagua na kufunga diski mpya.

1. Kumbukumbu na hifadhi

Kompyuta huweka habari mahali pawili. Pa kwanza ni pale inapofanyia kazi. Umeme ukikatika, yaliyokuwapo hupotea. Pa pili ni pale habari zinapolala hata mashine ikiwa imezimwa. Mtumishi wa serikali ataelewa upesi tukimwambia kwamba pa kwanza ni meza ya karani, na pa pili ni masjala.

Tatizo ni kwamba neno "kumbukumbu" limetumika kwa vyote viwili, mbali na maana yake ya kale katika "kumbukumbu za mkutano". Tunapendekeza "kumbukumbu" liachiwe meza, na masjala iitwe "hifadhi". Huenda mtu akapinga kwamba kuhifadhi nako ni kukumbuka, kwani mwanafunzi wa chuoni huhifadhi Kurani. Hoja hiyo, kwa hakika, inatuunga mkono: aliyehifadhi hulala akaamka, na alichokihifadhi bado anacho.

2. Diski isiyo diski

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mtambo wa kuhifadhi uliokuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24. Wote kwa pamoja ulibeba herufi milioni 5 hivi. Sahani hizo zilipakwa dutu yenye usumaku, zikazungushwa, na kichwa cha kusomea kikapita juu yake. Msingi huo haujabadilika. Diski za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika.

Baadhi ya wafasiri husema "diski ngumu". Ugumu huo ulikuwa na maana zilipokuwapo diski laini za kuchomeka. Siku hizi ulinganisho huo umetoweka. "Diski kuu" ni bora, kwa kuwa hueleza kazi badala ya umbo.

Hata hivyo, vifaa vingi vya leo havina sahani wala kitu chochote kinachozunguka; data hukaa ndani ya chipu. Je, tuendelee kusema "diski"? Lugha yetu ina uvumilivu katika jambo hili. Kalamu ya risasi haina risasi ndani yake, bali ina grafiti, na hakuna mwanafunzi aliyepotoshwa. "Diski kuu" na libaki kuwa jina la jumla. Lakini katika hati za ununuzi hapana budi kubainisha: "diski kuu ya sahani" au "diski kuu ya chipu". Ya pili ni ya kasi zaidi, nayo hustahimili mtikisiko.

3. Kuchagua

Anayeandika hati ya kuagiza ataje mambo matatu.

(a) Umbo. Baadhi ya diski za kompyuta mpakato ni za inchi 2.5, zenye unene wa milimita 7 au 9.5. Iliyo nene haiingii katika nafasi ya nyembamba. Nyingine ni vibao vya umbo la M.2, ambavyo aghalabu vina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80.

(b) Kiunganishi. Diski za inchi 2.5 za miaka ya karibuni hutumia SATA. Kwa upande wa M.2 pana mtego: M.2 ni jina la umbo tu. Kibao cha umbo hilo chaweza kutumia SATA au NVMe, na mashine inayokubali kimoja si lazima ikubali kingine.

(c) Ujazo. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni 1, ilhali baadhi ya programu huhesabu baiti 1,073,741,824. Ndiyo maana diski ya gigabaiti 500 huonekana kuwa na 465 hivi. Mnunuzi hajapunjwa.

4. Kufunga na kusakinisha

Kitenzi "kufunga" kitumike kwa kifaa, kama tusemavyo kufunga mtambo. Programu "husakinishwa", yaani hupewa makazi. Mpangilio wa kazi ni huu: kutoa nakala rudufu, kuzima mashine, kuchomoa waya wa umeme na kuondoa betri, kugusa chuma ili kuondoa umemetuli mwilini, kufungua skrubu kwa bisibisi, kuchomoa diski ya zamani na kuchomeka mpya bila kulazimisha, kisha kuigawa, kuifomati, na kusakinisha mfumo wa uendeshaji.

"Kufomati" lahitaji tahadhari. Wako wafasiri waliolitafsiri "kupanga upya", maneno yasikikayo kama kufagia chumba. Kwa mtumiaji, diski iliyofomatiwa ni diski tupu. Mfasiri aliache neno "kufomati" na kuongeza onyo: data zote zitafutika.

5. Mapendekezo

Kumbukumbu: mahali pa kazi, hupotea umeme ukikatika.
Hifadhi: mahali pa kudumu pa data.
Diski kuu: kifaa cha hifadhi kilichomo ndani ya kompyuta.
Nakala rudufu: nakala iwekwayo mahali pengine kwa tahadhari.
Kufunga: kutia kifaa mahali pake.
Kusakinisha: kuingiza programu.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wayapime maneno haya kazini mwao, na watuletee maoni yao.