Baada ya Kiharusi, Baba Hajageuka Mkorofi

Mgonjwa wa kiharusi akishaanza kutembea kwa fimbo, wageni wa kumjulia hali hupungua. Hapo ndipo malalamiko ya nyumbani huanza: baba amekuwa mkali, bibi analia hovyo, kaka hataki hata kutoka nje kuangalia ng'ombe. Huitwa deko, uvivu, au kurogwa. Na imani ya kurogwa si ya vijijini tu: utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kiharusi kikihusishwa zaidi na mapepo na uchawi Dar es Salaam kuliko katika wilaya ya vijijini ya Hai. Ukweli ni kwamba ubongo uliojeruhiwa hubadili hisia, na mabadiliko makuu ni matatu.

La kwanza ni sonona. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu huipata ndani ya miaka 5. Halali vizuri, chakula hakipandi, anajiona mzigo. Kupoteza mkono wa kulimia kunahuzunisha, lakini huzuni ya kutwa inayopita wiki mbili ni ugonjwa, na unatibika kwa ushauri na dawa.

La pili ni kilio au kicheko kisichozuilika. Ukimtajia wajukuu anabubujikwa na machozi, punde ametulia. Huenda moyoni hana huzuni yoyote. Kilichoharibika ni breki ya hisia ubongoni. Usimkaripie, geuza mazungumzo. Kikimsumbua, baadhi ya dawa za sonona hukipunguza.

La tatu ni ubaridi: hahuzuniki, hafurahi, hana hamu. Kumhimiza kwa maneno hakusaidii sana. Mpangie kazi ndogo saa ileile kila siku, kama kupukuchua mahindi au kuhesabu ndama, na muanze pamoja.

Msinunue dawa kwa kubahatisha. Jaribio la FOCUS la Uingereza, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2018, lilihusisha wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 3,000 na kuwapa nusu yao fluoksetini, dawa ya sonona, kwa miezi 6 bila kuchagua mwenye sonona. Sonona mpya zilipungua, lakini viungo havikupata nguvu zaidi, na waliovunjika mifupa waliongezeka.

Kwa familia za Jorodom, wilayani Hanang, nafasi nzuri ya kumweleza mhudumu ni siku ya kufuata dawa za presha, iwe zahanati au hospitalini Katesh au Haydom. Anayemsindikiza mgonjwa aeleze pia usingizi, machozi na hasira zake, maana mwenyewe mara nyingi atajibu "sijambo". Akitamka kwamba heri afe, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni siku hiyohiyo.