Tuzo za Nobel za Mwaka 2018

Zamani katika nchi ya Sweden aliishi mtu jina lake Alfred Nobel. Huyu alitengeneza baruti kali iitwayo dainamiti. Dainamiti hupasua miamba ili barabara na reli zipite, lakini pia huweza kuua watu. Nobel alipata mali nyingi. Mwaka 1895 aliandika wasia kwamba mali yake itumike kuwapa tuzo watu waliowafaa binadamu wenzao. Alikufa mwaka 1896, na tuzo za kwanza zilitolewa mwaka 1901.

Tutazame basi mwaka 2018. Tuzo ya fizikia waligawana Arthur Ashkin, Gérard Mourou na Mama Donna Strickland, kwa kazi zao juu ya mwanga. Tuzo ya kemia waligawana Mama Frances Arnold, George Smith na Gregory Winter. Tuzo ya uganga walipewa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani. Katika damu yetu mna askari wadogo wanaopigana na magonjwa. Askari hao wana breki, kama pikipiki inayoteremka vilima vya Butembo. Breki ikikazwa mno, hawawezi kupigana na kansa. Mabwana hao wawili walionyesha namna ya kuilegeza. Tuzo ya vitabu haikutolewa mwaka ule; ilitolewa mwaka 2019, akaipata Mama Olga Tokarczuk wa Polandi.

Na tuzo ya amani? Waliipata wawili: Nadia Murad wa Iraki, na Denis Mukwege wa Bukavu, mtu wa nchi yetu Kongo.

Mukwege alizaliwa mwaka 1955. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti. Mtoto Denis alifuatana naye kuwatembelea wagonjwa. Akaona ya kuwa baba anawaombea, lakini dawa hana. Basi akataka kuwa mganga. Alisoma Burundi, kisha Ufaransa, akarudi kufanya kazi katika hospitali ya Lemera. Mwaka 1996 vita ilifika Lemera, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mukwege hakukata tamaa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu. Huko yeye na wenzake wametibu maelfu ya wanawake walioumizwa vibaya wakati wa vita.

Tena hakunyamaza. Alidai waovu washitakiwe. Oktoba 2012 watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwake. Mtumishi wake aliuawa. Yeye aliokoka, akaenda Ulaya pamoja na jamaa yake. Ndipo wanawake maskini wa Kivu walipouza matunda na mboga, wakachanga fedha za kumlipia ndege arudi. Januari 2013 akarudi. Habari ya tuzo ilipofika, tarehe 5 Oktoba 2018, ilimkuta akimpasua mgonjwa.

Mwaka ule ule, mwezi wa Agosti, ugonjwa wa Ebola ulitangazwa upande wa Beni, ukafika na Butembo. Uliua watu zaidi ya 2200 kabla ya kwisha Juni 2020. Waganga na wauguzi walijaribu dawa nne kwetu hapa, na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa alikuwa mmoja wa viongozi wao. Agosti 2019 ikajulikana kwamba mbili kati ya hizo zinaokoa watu wengi kuliko nyingine. Moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit, mwaka 1995. Kwa kazi hiyo wauguzi wetu hawakupata tuzo ya Nobel. Lakini wako watu wa Beni na Butembo wanaolima mashamba yao leo kwa sababu walipata dawa hizo.

Maulizo
1. Kwa nini Denis alitaka kuwa mganga?
2. Nani walichanga fedha za ndege, na walizipata namna gani?
3. Taja kazi moja ya kufaa watu inayofanywa kijijini kwenu bila tuzo.