Vipapatio vya Kuku vya Kubanika Nyumbani

Kuku mmoja ana firigisi moja, mapaja mawili na vipapatio viwili, na watu wa nyumbani huenda wakawa wanane. Hapo ndipo penye shida. Tangu zamani, katika nyumba nyingi za nchi zetu, kuku hakugawanywa kwa kadiri ya njaa za watu, bali kwa kadiri ya vyeo vyao: firigisi ya baba, paja la mgeni, kidari cha wakubwa; kisha shingo, miguu na vipapatio kwa watoto. Huko Buganda desturi ilizidi, maana zamani mwanamke alimpika kuku asimwonje, wala yai hakula. Desturi hiyo imelegea sana, lakini mabaki yake yangali mezani petu. Nani asiyemjua mama agawaye nyama yote, kisha akajitilia mchuzi mtupu?

Hatusemi neno hili ili kuwalaumu wazee wetu. Twataka kuwaonyesha wasomaji wetu njia moja nyepesi ya kuwakalisha wote kwa chakula kimoja. Siku hizi mijini vipapatio huuzwa peke yake, kwa kilo, na kilo moja huwa na vipapatio 10 hadi 12. Ukivipika hivyo tu, hakuna kipande cha mkubwa wala cha mdogo; vyote ni sawa. Ndiyo sababu nyumbani kwetu twavipenda kuliko paja.

Wala si sisi wa kwanza kuona ya kuwa kipande kilichodharauliwa chaweza kuwa karamu. Katika mji wa Buffalo, Marekani, husimuliwa kuwa mwaka 1964 Bibi Teressa Bellissimo wa mkahawa uitwao Anchor Bar alitwaa vipapatio, ambavyo wengi walivitia katika supu tu, akavikaanga na kuvipaka mchuzi wa pilipili. Leo chakula hicho chajulikana katika nchi nyingi. Yeye alitumia mafuta mengi. Sisi wa pwani tuna makaa, ukwaju na nazi, navyo vyatutosha.

Kwa watu wanane twaa kilo 2. Kila kipapatio kina sehemu tatu: ile nene iliyoshikana na bega, ile bapa ya katikati, na ncha isiyo na nyama. Ukunjue, utafute kiungo kwa kidole, ukate hapo kwa kisu kikali. Ukikuta kisu chagoma, umekosa kiungo na wakata mfupa. Ncha uziweke kwa supu ya kesho. Hivyo utapata vipande 40 au zaidi, yaani vitano kwa kila mtu.

Wengi wetu tumefundishwa kumwosha kuku kwa maji mengi na ndimu. Leo wenye elimu ya afya watuonya, kwa maana maji hurukia meza, vyombo na kachumbari, yakichukua vijidudu kama Salmonella na Campylobacter viletavyo kuhara na homa. Maji hayaviui, wala ndimu haitoshi kuviua. Moto ndio uviuao. Basi pangusa nyama kwa karatasi safi uitupe, kisha uoshe mikono kwa sabuni.

Sasa viungo vya kulowekea. Twanga katika kinu punje 10 za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi kama kidole gumba. Loweka ukwaju, kadiri ya yai la kuku, katika nusu kikombe cha maji ya moto, uukamue na kuuchuja. Changanya pamoja na vijiko vidogo 4 vya chumvi, 2 vya bizari nyembamba, 1 cha manjano, 1 cha pilipili manga, na vijiko vikubwa 3 vya mafuta. Sugua kila kipande, hata katika mikunjo ya ngozi.

Yafaa kujua sababu ya kazi hii. Chumvi huingia ndani ya nyama na kuifanya ishike maji yake. Viungo vingine karibu vyote hubaki juu. Kwa hiyo kidari kinene, hata kikilowekwa, huwa kitamu nje na chapwa ndani. Kipapatio si hivyo: ngozi yake ni nyingi na nyama yake ni chache, basi kila tonge hupata viungo. Saa 2 hadi 4 katika jokofu zatosha. Usizidishe ukwaju ukidhani utamu utazidi. Ukali mwingi hulegeza nyama ya juu ikawa kama uji. Asiye na jokofu aloweke kwa nusu saa tu, moto ukiwa unawaka tayari, maana katika joto letu nyama mbichi haingoji.

Katika kungoja huko, chemsha kikombe 1 cha tui zito pamoja na chumvi kidogo, kijiko cha ukwaju na pilipili moja kali iliyopondwa, kwa moto mdogo mpaka lizidi uzito. Liweke mbali na nyama mbichi. Ni la kupaka mwishoni.

Moto uwashwe nje. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imewaua watu waliolala. Ngoja mpaka makaa yavae majivu meupe. Ndipo uyasukume upande mmoja, upande wa pili ubaki mtupu. Anza kubanika upande usio na makaa, kwa sababu ngozi ina mafuta, na yakidondokea makaa miali huruka na kuunguza nje kabla ya ndani kuiva. Geuza mara kwa mara kwa dakika 25 hadi 30. Mwisho sogeza juu ya makaa, upake tui, ugeuze, upake tena, dakika chache tu, kwani tui huungua upesi. Mwenye kipimajoto cha nyama aone nyuzi 74 za sentigredi au zaidi. Asiye nacho apasue kipande kinene penye kiungo: maji yake yawe meupe, na nyama iachane na mfupa bila kuvutwa.

Hapa hatuna budi kuungama kosa letu. Siku moja tulikuwa na wageni, na kwa haraka tuliweka vipapatio vilivyoiva katika sinia ile ile iliyochukua vibichi. Tena tulivipaka mabaki ya viungo vya kulowekea, tukiona ni hasara kuyamwaga. Chakula kilisifiwa sana. Usiku huo mtoto wetu mdogo alianza kuhara, akaendelea siku mbili, hata macho yakaingia ndani, tukamchukua kwa mganga wa hospitali. Alipona. Hatukuweza kuthibitisha kuwa sinia ndiyo iliyomdhuru, lakini tangu siku ile kwetu kuna sinia mbili, na viungo vilivyogusa nyama mbichi humwagwa bila majuto. Hasara ya kikombe kimoja si kitu mbele ya mtoto aliyelegea mikononi.

Neno la mwisho ni la akina baba na waalimu wenye wageni wengi. Kubanika ni kazi ya kusimama, yenye moshi na jasho. Kama mama atabaki jikoni akigeuza vipande huku wengine wakila, tutakuwa tumebadili nyama tu, si desturi. Basi baba na ashike koleo, na vijana wapepee makaa, na vyote viive kabla ya mtu kuketi. Kisha sinia safi iwekwe katikati, na chakula kishukuriwe, na mama aketi pamoja na wote, ahesabu vitano vyake kama wengine.