Kipaji chako kinamtumikia nani?



Mwaka 1876 binti Mwingereza, Lilias Trotter, alikuwa Venice pamoja na mama yake. Mama aliposikia kwamba John Ruskin, mhakiki maarufu wa sanaa, yuko mjini humo, akampelekea picha za bintiye azitazame. Ruskin alistaajabu, akaanza kumfundisha. Baadaye akamwambia kwamba akijitoa kabisa kwa sanaa, atakuwa mchoraji mkubwa.

Lakini Lilias alikuwa na wito mwingine. Jijini London alikuwa akienda usiku karibu na stesheni ya Victoria kuwatafuta wanawake waliouza miili yao, awapatie mahali salama pa kulala. Mwaka 1879, baada ya maombi mengi, alikataa ombi la Ruskin. Kwake ufalme wa Mungu ulikuwa kwanza.

Mwaka 1887 aliomba kutumwa Afrika Kaskazini. Shirika la misheni lilimkataa kwa sababu ya afya yake. Mwaka 1888 akaenda Algiers kwa gharama yake mwenyewe, na wenzake wawili, bila kujua Kiarabu. Alitumika huko miaka 40, mpaka alipofariki mwaka 1928.

Je, Lilias alifukia talanta yake kama yule mtumwa wa Mathayo 25? Tusijifanye kwamba hakulipa gharama. Jina lake halikupata sifa aliyotabiriwa. Ila brashi hakuitupa. Alichora jangwa, maua na watu wa Algeria katika shajara zake. Alipamba vitabu vyake kwa picha, kikiwamo Parables of the Cross, ambamo mimea na mbegu zinafundisha juu ya kifo kinachozaa uhai, kama tusomavyo katika Yohana 12:24. Kipaji kilichokuwa karibu kumtawala kikawa mtumishi.

Ndugu yangu, nawe umepewa kitu. Labda unaimba kwaya, unashona, unafundisha watoto au unajua hesabu. Kuna wanaoficha walichopewa, na kuna wanaokipigia magoti. Leo utakaposimama kutoa sadaka, jiulize: Bwana akikuomba ukiweke kipaji hicho miguuni pake, utaweza kukiachia? Usiogope. Huenda akakurudishia mkononi, ukitumie mahali ambapo hukuwahi kupafikiria.

Jumapili njema.